Ploti ya nyumba 12 Muyeye, mzee ataka milioni 12. Nimeanza vibaya, narudi vipi?

MtotoWaNgala:

Assalam aleikum jamani, na wasiokuwa wa salamu hiyo hamjambo. Naomba mnipe wosia manake hii kitu yaninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Mimi ni mtu wa mshahara, kazi niko Mombasa lakini kwetu ni hapa Malindi. Miaka tisa naweka Sacco, mwaka jana tukauza kiwanja cha urithi mimi na ndugu zangu, nikijumlisha yote nina milioni 6 na laki 2. Nataka ploti ya kupangisha. Kujenga sitaki, nilimwona kakangu alivyojenga, simiti yaibiwa usiku na mlinzi ndiye mwizi, miaka minne bado yuko kwa linta. Mimi nataka ilosimama, wapangaji washaingia, mwezi ukiisha nikusanye kodi.

Imepatikana moja Muyeye, chini na juu, nyumba 12. Bedsita (chumba kimoja kila kitu humohumo) 8 za 6,000 na nyumba 4 za chumba na sebule kwa 10,000, jumla 88,000 kwa mwezi. Broka kaniambia zimejaa zote, hata wewe ukitaka kuhamia leo hupati. Bei milioni 12.

Sasa mimi nimekuwa natazama sana zile video za Wamarekani wanaofundisha kununua majumba ya kupangisha. Kule jengo likipita nyumba 4 benki yaliona ni biashara, kwa hivyo bei yaangaliwa kwa pesa linazoingiza, na mkopo wapata wa miaka mingi. Na wafundisha kupatana pia, ati bei usitaje wewe kwanza, muuzaji akitaja unyamaze, akuone umeshtuka, halafu umkate nusu. Basi n'kafanya hivyohivyo. Mzee tumekaa naye barazani kwake, kataja 12, nikanyamaza. Na yeye akanyamaza. Yakhe tumenyamaziana pale mpaka kahawa ikapoa, muadhini akaadhini, mwisho nikashindwa mimi nikasema "milioni 6". Mzee hakukasirika wala hakucheka, alimwita mjukuu wake tu aje atoe vikombe.

Nimeharibu kabisa? Na ile 12 yenyewe ni bei ya haki? Kuna benki naambiwa yaweza kunipa milioni 5 nijazie.


MkaaBarazani:

Hahahaa vikombe vimetolewa!! Ndugu yangu hapo ushaambiwa kwaheri na hujui. Umemfanyia mzee wa Malindi sinema ya Texas 😂😂


PlotiMoja_Maweni:

MtotoWaNgala usimsikize huyo, hujaharibu, umekosa adabu tu na adabu hurudishwa. Tafuta mtu mzima anayejuana na mzee, nendeni Alasiri mkiwa na kilo ya halua, uombe radhi umwambie ulikuwa hujui. Bei usiitaje siku hiyo. Hata akikuuliza mwambie leo nimekuja kukusalimia.

Nami nina ploti yangu moja, nyumba 9, nilinunua 2019 kwa bei ambayo nikiikumbuka mpaka leo naumwa na tumbo, sababu nilifanya haya unayofanya wewe, niliamini mdomo wa broka. Nilionyeshwa mwezi wa Disemba. Disemba Malindi kila mtu yuko kazini, mahoteli yamejaa, bichi boi ana pesa, bodaboda ana pesa, hata anayesuka nywele wageni ana pesa, kwa hivyo kodi zaingia na milango yote ina mapazia. Mimi nikasaini Januari. Ikaja Aprili, kusi likaanza kuvuma, mahoteli yakafunga, wapangaji wangu watano katika tisa walikuwa watu wa hoteli, wakapewa livu bila mshahara. Mmoja alinilipa kwa samaki, wallahi. Mwaka uliofuata ikaja korona na hiyo sisimulii.

Kwa hivyo ploti ya Malindi iangalie mwezi wa Mei. Kama huwezi kungoja Mei basi ulizia kila mpangaji afanya kazi gani. Mwalimu, nesi, mtu wa kaunti, mwenye duka sokoni, hao ndio ukuta wako. Ukikuta robo tatu ni watu wa msimu, ile 88,000 ni ya miezi sita si ya kumi na mbili.

Na nenda usiku. Usiende na broka, nenda peke yako saa mbili usiku, simama ng'ambo ya barabara ununue mhogo wa kukaanga uhesabu taa. Rudi siku ya pili saa kumi na mbili asubuhi wakati watu watoka kazini na waenda kazini, uangalie kamba za nguo. Nguo hazidanganyi: mwenye watoto utamjua, nyumba tupu utaijua. Makufuli pia yaangalie. Na kunywa chai na keyateka, yule mtunza ploti, yeye ndiye ajuaye nani hajalipa tangu lini. Ukishapata hizo ndio uje hapa tupige hesabu, saa hii hakuna anayeweza kukwambia 12 ni haki au si haki.

Na uliza kwa nini auza. Hilo ni kubwa kuliko yote. Usimuulize yeye, uliza mtaani.


FundiWaKorali:

Naongeza langu la ufundi manake nyinyi mwahesabu kodi tu na jengo lenyewe hamliangalii.

Ingia nyumba za chini, tazama juu kwenye slebu. Ukiona doa la rangi ya chai, au plasta imevimba kama andazi, gonga kwa sarafu ya shilingi 20. Ikilia "ta ta" ni nzima. Ikilia "po po" ndani pashaachana, nondo imeshika kutu, yafura, yasukuma simiti nje. Huku kwetu chumvi ni kila mahali lakini kuna waliojenga kwa mchanga wa ufuoni hawakuuosha, hapo chumvi iko ndani ya zege lenyewe na hakuna rangi itakayoponya. Kubandua na kujaza upya si pesa ya kitoto. Mimi nimeitwa kazi moja, mwenye nyumba ashapaka rangi mpya kila mahali, yanukia hata, nikagonga bafu moja kipande kikubwa kama sinia kikaanguka miguuni pangu. Rangi mpya kwa nyumba inayouzwa ukiiona jiulize yaficha nini.

Fungua bomba uonje maji, ndio, onja. Kama ni ya kisima na yana chumvi jua mabomba ya chuma na koki wabadilisha kila mara. Kama ni ya mfereji wa Baricho uliza yafika siku ngapi kwa wiki na tangi lachukua lita ngapi kwa familia 12. Na choo: uliza shimo liko wapi, mara ya mwisho eksosta, gari la kunyonya choo, ilikuja lini. Mtu akikwambia "halijawahi kujaa" basi chini limepasuka na lenda kwa kisima cha jirani.

Kila utakachoona piga picha. Ukirudi kwa mzee usimwambie "nyumba yako mbovu", hapo utatolewa vikombe tena. Mwambie "mzee kuna hiki na hiki, fundi kanambia chataka kadhaa, tukiangalie pamoja". Bei yashuka kwa picha.


BintiLangoni:

Mimi niko Lamu na nitauliza moja tu kabla hamjafika kwa taa na kamba za nguo. Hati iko kwa jina la nani? La huyo mzee, au la marehemu babake?

Nauliza manake mamangu alinunua nyumba huku kwetu Langoni kwa ndugu watatu, wote walitia sahihi, wote wakala pesa. Mwaka wa pili akaja mama mmoja kutoka Mombasa, dada yao wa baba mmoja, mirathi haikuwahi kugawanywa na fungu lake halikutajwa. Kweli alikuwa na haki. Tumekwenda kwa Kadhi mpaka viti vya pale vyatujua, mwisho mamangu alimlipa fungu lake upya kutoka mfukoni ndipo tukapumua. Wale watatu? Mmoja ashatangulia mbele ya haki, wawili wakituona njiani wapita kichochoro kingine.

Kwa hivyo fanya sachi rasmi ya ardhi, usikubali fotokopi ya hati. Sachi itakuonyesha jina, kama kuna benki imeweka chaji (rehani ya mkopo), kama mtu ameweka zuio. Kama ni jina la marehemu, kwanza mirathi, wewe ngoja. Kama mzee ana mke, ridhaa ya mke kwa maandishi, sheria ya ardhi ya 2012 iko wazi hapo. Angalia pia si wakfu, wakfu hauuzwi hata akitokea nani. Na pwani yetu mwajua wenyewe, yuko mtu ana nyumba lakini ardhi chini ni ya tajiri mwengine na yeye alipa ijara kila mwaka. Nyumba bila ardhi waweza kuuziwa tamu kabisa, benki ikija kuangalia ndio wagundua umenunua mawe.

Huku Lamu mjini twaongezewa na la makumbusho, mji mkongwe uko UNESCO tangu 2001, huwezi tu kuvunja ukuta ugeuze nyumba ya watu kuwa bedsita sita. Nyinyi wa Malindi mna afadhali hapo.


MtotoWaNgala:

Nimerudi. Asanteni sana, dada BintiLangoni wakili nimempata na sachi imetoka, jina ni la mzee mwenyewe, haina chaji, ardhi ni yake. Bibi yuko hai na atatia sahihi.

Nilienda usiku mara tatu. Mhogo nimekula mpaka nimechoka. Taa ni 10 si 12, bedsita mbili makufuli yana utando wa buibui. Na katika hizo 10, namba 7 akaa mpwa wa mzee, halipi hata shilingi, keyateka kanicheka nilipouliza. Kwa hivyo wanaolipa ni 9, yaani 70,000. Mmoja wa zile kubwa ana madeni ya miezi mitatu lakini ni mwalimu, asema atalipa. Slebu iko sawa isipokuwa bafu mbili za chini zalia "po po" FundiWaKorali Mungu akuweke. Keyateka alipwa 8,000. Stima ya nje, maji na kuzoa taka kama 6,000. Eksosta ukigawanya kwa mwezi kama 4,000.

Na sababu ya kuuza nimeijua kwa msikitini, mzee ataka kwenda India kutibiwa miguu, na watoto wake hawako hapa, amechoka na wapangaji. Kwa kweli nilipojua hivyo nikaona haya na ile milioni 6 yangu.


PlotiMoja_Maweni:

Sasa ndio twaongea. Chukua kalamu.

Inayoingia 70,000. Kodi ya serikali ya nyumba za kupangisha ni 7.5% tangu Januari 2024, zamani ilikuwa 10%, na yakatwa kwa kodi yote uloipokea, hawakuulizi umetengeneza choo wala umelipa riba ya benki. Hiyo ni 5,250, na yalipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Keyateka, stima, maji, taka na shimo 18,000. Weka 7,000 ya kutengeneza vitu kila mwezi hata kama mwezi huo hakujaharibika kitu, kitaharibika. Yabaki 39,750. Kwa mwaka 477,000. Kwa milioni 12 hiyo ni chini ya 4% bwana, bondi ya serikali yakushinda na haina choo cha kuziba.

Na ule mkopo wa milioni 5 usiuguse. Fanya wakupe kwa 14%, riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni kama 700,000. Ploti yaleta 477,000. Yaani wewe utakuwa wafanya kazi Mombasa kulisha ploti Malindi kulisha benki. Wale wa kwenye video mikopo yao ni ya nchi nyengine, na riba yao ni ya nchi nyengine.

Tufanye umeijaza, namba 7 alipa, na umetoa 10% ya nyumba tupu. Hiyo ni 79,200, ukitoa kodi na yale 25,000 wabaki na 48,260, kwa mwaka 579,000 na kitu. Ukitaka 7% bei ni kama milioni 8.27. Ukiitaka 8% kwa hali ilivyo leo, bei ni kama milioni 6. Umeona? Milioni 6 yako kwa hesabu haikuwa tusi. Ilikuwa tusi kwa vile ulivyoitupa bila kumwonyesha mtu karatasi.

Sasa huyu mzee hataki bei kubwa kama vile ataka pesa ya uhakika kwa siku ijulikanayo, na kupumzika. Hapo ndipo wewe una nguvu na si kwa kunyamaza. Wanunuzi wengine wote watamwambia "nangoja benki", wewe una taslimu. Mpe tarehe. Mkataba wa kawaida ni 10% ya kwanza na siku 90 kumaliza, wewe mwambie siku 45, na ile 10% ikae kwa wakili mpaka hati ihamishwe, usimpe broka hata nauli. Inayobaki muombe mali kauli, umlipe kidogo kidogo, mzee mwenyewe riba hataki kwa dini yake. Hati ije kwa jina lako na yeye awekewe chaji juu yake mpaka umalize, hivyo nyote mwalala.

Na usisahau ushuru wa stempu, mjini ni 4%, huo ni wako. Yeye ana kodi ya faida ya kuuza mali, 15% tangu 2023, zamani ilikuwa 5%, wauzaji wengi hawaijui na wakijua siku ya mwisho wakupandishia bei. Mwambie mapema. Akikwambia muandike bei ndogo kwa agrimenti kataa, mthamini wa serikali atakuja na bei yake, na siku utakayouza wewe ile faida itaonekana kubwa na utailipa mwenyewe. Dipoziti za wapangaji pia, zile walizolipa wakiingia, ziko kwake. Zikatwe kwenye bei, la sivyo mpangaji wa kwanza akihama utazitoa wewe.


MkaaBarazani:

Hapa nimenyamaza kama yule mzee. Endeleeni.


MtotoWaNgala:

Jamani!! Nimeenda jana na ami yangu aliyesoma na mzee, halua na picha za bafu na karatasi ya hesabu nimeiandika kwa mkono herufi kubwa. Mzee kavaa miwani kaisoma yote kimya, akaniuliza "hii 7,000 ya kutengeneza umeitoa wapi?", nikamwambia kwa mtu aliyekwishaumia. Kacheka. Akasema yeye hizo bafu hajaingia miaka mitatu.

Tumefika milioni 8.3. Nampa 5.5 hati ikihamishwa, 2.8 inayobaki miezi 36 bila riba, kama 77,800 kwa mwezi, nusu itatoka kwa ploti na nusu mshaharani. Stempu ni 332,000, kwa hivyo mkononi nabaki na kama 368,000 kabla ya wakili na bafu. Yabana lakini napumua.

Kumebaki jambo moja. Mzee asema mpwawe wa namba 7 abaki, bure, mpaka nimalize kulipa. Ami ananiambia nikubali ni neno la heshima, mimi roho yaniuma. Mwasemaje?


BintiLangoni:

Usikubali kwa mdomo na usikatae kwa mdomo. Namba 7 kwa miezi 36 ni 216,000. Mwambie kwa adabu, mzee, mpwa ni mwanetu sote, abaki kwa mkataba kama wengine, na hiyo 216,000 ikatwe kwenye 2.8. Halafu tarehe ya yeye kutoka iandikwe kwa agrimenti. Mtu akikaa nyumbani mwako bure bila karatasi, mwaka wa nne atakwambia ni urithi wake.


PlotiMoja_Maweni:

Hapo dada amemaliza. Mzee akisema 216,000 ni nyingi ndio atajua alikuwa akitaka umpe kiasi gani.


MtotoWaNgala:

Nimemtumia mzee vilevile kama alivyoandika dada. Kakaa nayo toka Adhuhuri, tiki mbili za buluu, kimya, nikasema haya, vikombe vishatolewa tena. Sasa hivi baada ya Isha ndio kanirushia voisi ya sekunde nne: "Njoo kesho na wakili wako. Na ile halua, ya lozi."